Vani Iliyosiribwa Udongo

Juzi nilikosea njia. Nilikuwa natoka kazini Landover, huku ughaibuni, nimechoka, barabara kubwa imefungwa kwa ajali, nikafuata njia ya mkato niliyoonyeshwa na simu, na kabla sijajua niko wapi nikaiona kona ninayoifahamu. Nyumba yetu haipo tena. Ghala la tumbaku halipo. Shamba zima limekuwa nyumba za ghorofa zilizobanana, zote rangi ya mchanga, na pale palipokuwa na mtaro wetu kuna mashine ya kuchimba iliyoacha ukingo wa udongo wazi, mwekundu, umelowa mvua. Nilipaki pembeni nikakaa humo garini, rafiki yangu, mikono magotini kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu. Hakukuwa na cha kuogopa. Lakini kila mwaka majani yanapoanza kubadilika rangi hofu ya zamani hunirudia, na nikikusimulia tulivyoishi pale utanielewa.

Tulikuwa watoto wanane, mimi wa katikati. Shuleni walimu walidhani Mama ana kituo cha kulelea watoto. Hakuna fleti ya mjini iliyokubali kutupokea sote, kwa hiyo Baba akapanga nyumba ya mbao iliyochakaa huko shamba kabisa, mwisho wa kaunti, kwa mzee mmoja wa Kizungu aliyekuwa ameacha kulima tumbaku. Mzee huyo ndiye alikuwa jirani yetu pekee. Mama alihudumia wagonjwa kwenye nyumba ya wazee. Baba alisafisha vioo vya maofisi upande wa Virginia, Falls Church na kuendelea, na kila alfajiri alizunguka Beltway, barabara kuu inayolizunguka jiji, na vani yake nyeupe, ngazi imefungwa juu, ndoo zikigongana ndani. Jumapili ndoo zilishushwa, viti vikarudishwa, sote tukapakiwa kwenda kanisani.

Masika ya mwaka ule alikuja Bibi, mama yake Baba, kutoka Njombe. Alikuja kumlea kitindamimba wetu, lakini wiki ya kwanza tu alimwona jirani amelaza shamba bure, akaona ni dhambi. Akaomba jembe. Alikuwa na mbegu za figili alizozifunga kwenye pindo la kitenge, na Baba hakutaka kabisa kuulizwa zilipitaje uwanja wa ndege. Mpaka kiangazi kinaisha tulikuwa na mahindi, maharage, maboga na figili, na jirani alikuwa akija kila jioni kusimama kwenye uzio, mikono mfukoni, akimwangalia Bibi kama anaangalia televisheni.

Vitabu huyaita majira yale ya majani kudondoka vuli, na Mama, mtu wa Morogoro, alikuwa akicheka, kwa sababu vuli anayoijua yeye ni mvua. Bibi hakuona ajabu yoyote. Asubuhi ya kwanza yenye sakitu, umande umeganda mweupe juu ya majani, alitoka nje na sweta lake, akavuta hewa, akasema, "Hii ni Njombe ya mwezi wa saba." Tukitoka shule tulikuta mahindi yamelundikwa barazani yakitungoja. Tulipukuchua mpaka vidole gumba vikawaka, huku ndani kukinuka kuni na maboga yaliyochemshwa kwa chumvi. Chakula kilikuwa makande, kesho ugali na figili, keshokutwa makande tena, na aliyelalamika aliongezewa. Jioni tulisali wote tumepiga magoti kwenye sakafu ya mbao, na sala ya Baba ilikuwa ndefu hata wadogo wakalala pale pale na vipaji vya nyuso vimegusa viti. Baba alikuwa na neno lake la kufungia sala: "Mungu hajahama." Tulipolisikia tulijua tunaenda kulala.

Bibi alikuwa na lengo moja, Jumapili ya mavuno. Kanisa letu la Watanzania lilikutana mchana kwenye jengo la kuazima huko Bladensburg, na mwaka uliotangulia, Baba alimsimulia, waumini walileta mavuno ya dukani, mananasi yana stika, unga kwenye mifuko yenye bei. Bibi alisikitika sana. Akaapa kwamba safari hii madhabahuni kutapelekwa vitu vyenye udongo. Akachagua maboga makubwa, akasuka mahindi mafungu mafungu, akaviweka ghalani, na tukakatazwa hata kuvitazama kwa uroho.

Kisha mtu akaanza kupiga watu risasi.

Kama ulikuwa ukiishi huku mwaka ule, huhitaji kuelezwa. Kama hukuwepo, nitakuambia tu alivyofanya: alijificha mahali, akapiga mtu mmoja, akaondoka. Mtu anaweka mafuta, anaanguka. Mtu anakata majani, anaanguka. Mwanamke anatoka dukani na mifuko yake, anaanguka. Kisha mtoto akapigwa mlangoni mwa shule, katika kaunti yetu. Hatukujua ni nani wala anataka nini, na kila asubuhi redio ilitaja mahali pengine tunapopafahamu. Shuleni mapazia yalishushwa mchana kutwa. Mapumziko tuliyafanyia darasani, tukicheza karata kimya kimya, na kwenye basi mwalimu alisimama mlangoni akatuvuta mmoja mmoja kwa bega tushuke upesi. Nje majani yalikuwa mekundu kama moto na hakuna mtoto aliyeyakanyaga.

Nyumbani nako hofu ilitufuata. Jirani alikuwa na miti ya jozi, na matunda yake yalidondoka juu ya bati la ghala kwa kishindo. Mwanzoni hatukuyajali. Wiki zile kila yalipogonga, wote barazani tuliacha mahindi tukatazamana. Bibi aliuliza ni nini, na mdogo wangu akamjibu kwa Kiingereza, kama ilivyokuwa kawaida yetu, "It's just the nuts, Bibi," kwamba ni jozi tu. Bibi alielewa bila kuelewa, akaendelea kupukuchua, lakini baada ya hapo alihamishia kazi yote jikoni na mlango akaufunga.

Halafu redio ikatangaza kinachotafutwa. Vani nyeupe. Yenye ngazi juu.

Nakumbuka Baba alivyosimama na kikombe cha chai. Alikiweka mezani. Alitoka, akafungua ile ngazi, akaiingiza ndani ya gari ambamo ilifika mpaka kwenye kioo cha mbele. Toka siku hiyo tuliogopa mambo mawili kwa mpigo, na sisi watoto hatukuweza kuamua lipi baya zaidi. Kwamba yule mtu atampiga Baba akiwa anaweka mafuta, au kwamba polisi watadhani Baba ndiye yule mtu. Mama mmoja Mkenya wa kanisani, nesi, alipiga simu, na sauti yake ilisikika jikoni kote. "Hiyo gari muipark kwanza, tafadhali. Msiendeshe hiyo kitu mpaka washike huyu mtu. Huku kwetu wamesimamisha mafundi, mikono juu, bunduki kila mahali. Mzee wako ni mweusi na hiyo gari ni white, unafikiri wataulizana?" Mama akasema ndiyo, ndiyo, dada, asante. Kisha akamtazama Baba.

"Vioo havijioshi," Baba alisema, akaenda kulala.

Aliendelea kwenda kazini. Akienda sheli kuweka mafuta, alituambia, anazunguka zunguka gari kama kuku anayetafuta pa kutagia, asisimame mahali pamoja. Alituigizia akiinama na kuchuchumaa, tukacheka, Mama hakucheka. Tulikuwa hatuli mpaka taa za vani zionekane kwenye kona. Bibi aliweka maji ya ugali motoni lakini hakutia unga, akayaacha yachemke, akaongeza, yakachemka tena, macho yakiwa dirishani. Taa zikitokea, ndipo mkono wake uliingia kwenye unga. Hata leo nikisikia maji yanachemka bure kwenye sufuria nakereka, nazima jiko.

Sasa sikiliza alichokifanya Bibi.

Jumamosi ya kuamkia mavuno Baba alipewa lifti na mwenzake wa kazini, kwa hiyo vani ilibaki. Mama alikuwa zamu. Bibi alimaliza kumlisha mtoto, akafunga kitenge vizuri, akauliza swali moja tu, kama kweli linalotafutwa ni gari jeupe. Tukasema ndiyo. Akauliza kama kuna mtu aliyesema wanatafuta gari jekundu. Tukasema hapana. "Basi," alisema, na akamwagiza kaka yangu mkubwa aipeleke vani nyuma ya ghala, mahali pasipoonekana kutoka barabarani.

Kwao, nyumba husiribwa kabla ya Krismasi. Udongo mwekundu unachimbwa, unapondwa, unachanganywa na samadi na majivu, unapakwa ukutani kwa kiganja mpaka ukuta ung'ae. Bibi alikuwa fundi wa kazi hiyo tangu akiwa msichana. Tulichimba udongo kwenye mtaro. Samadi ya ng'ombe haikuwepo, tukazoa ya farasi wa jirani, na Bibi aliisifu kwamba ina majani mengi, itashika. Tulivua viatu tukakanyaga ule udongo kwenye beseni la kufulia, na rafiki yangu, tulikuwa hatujatoka nje kucheza kwa wiki nzima na zaidi. Tulirushiana. Tulipiga kelele. Kwa mchana ule mmoja nilisahau kila kitu, nikikumbuka tu pale tunda la jozi lilipodondoka.

Bibi hakurusha udongo ovyo kama utakavyofikiri. Alisiriba. Alianza juu, akashuka, kiganja kikizunguka nusu duara, nusu duara, mpaka ubavu mzima wa vani ukawa na mapambo ya mawimbi. Vioo aliviacha wazi, maana madirisha hayasiribwi. Mlango wa nyuma aliusiriba wote. Pleti namba nayo aliisiriba, vizuri kabisa, kwa sababu hakuna nyumba Njombe yenye namba mgongoni na hakuna aliyewahi kumwambia ina kazi gani. Sisi tuliokuwa tunajua tulikuwa tumesimama upande wa pili tukipewa sifa kwa kupaka vizuri mahali pa chini.

Baba alirudi giza limeingia, amechoka, hakwenda nyuma ya ghala. Aliiona vani kesho yake wakati wa kuondoka, na Biblia yake kwapani na suti ya kijivu. Udongo ulikuwa umekauka mgumu kama chungu. Alizunguka upande mmoja polepole. Sisi tulijipanga kwa urefu tukingoja kuadhibiwa, na Bibi amesimama mbele yetu, mikono nyuma. Kisha Baba alicheka, kicheko ambacho hatukukisikia wiki zote zile, akashika paa la gari asianguke. Mama alisema tumechelewa. Baba akachukua kile kipande cha plastiki cha kukwangulia barafu kwenye kioo, akakwangua taa na namba ya mbele. Maboga tuliyapakia kwa mlango wa ubavuni. Nyuma hakuna aliyekwenda.

Baba alipita njia ndogo ndogo akwepe barabara kubwa. Mashamba pande zote, majani yakidondoka juu ya kioo. Tulikuwa tunaimba pambio. Dada mkubwa ndiye aliyeona kwenye kioo cha pembeni taa za polisi nyuma yetu, akaacha kuimba, na mmoja mmoja tukaacha. Mbele nako likatokea gari la polisi likakata barabara.

Baba alisimamisha gari. Alisema, bila kugeuka, "Mikono juu ya kiti cha mbele yako, kila mtu. Msilie. Msiite." Sauti ilitoka kwenye kipaza sauti ikimwamuru azime gari, atupe funguo nje, ashuke amewapa mgongo. Alifanya yote. Alikwenda kinyumenyume, mikono juu, koti la suti limempanda mabegani, na wale watu wamejificha nyuma ya milango ya magari yao na bunduki zimemlenga. Nilikuwa dirishani. Niliiona soksi ya Baba, ilikuwa na tundu juu ya kisigino, na nikawa naomba Mungu wasiione.

"Wanamwambia nini?" Bibi aliuliza.

Alimgusa dada mkubwa bega. Akauliza tena.

"Wanamwambia apige magoti, Bibi," dada mkubwa alisema.

"Pale barabarani?"

"Ndiyo."

Bibi alinikabidhi mtoto. Akavuta mlango wa ubavuni. Mama alisema, "Mama, usishuke, nakuomba usishuke," kwa sauti ndogo ambayo sijaisikia kwake tena, lakini Bibi alikuwa ameshakanyaga lami. Wale watu wakapaza sauti wote kwa pamoja. Yeye alinyanyua mikono, maana ameshaona ndivyo wanavyotaka, na udongo bado umejaa kwenye kucha. Akatembea polepole na magoti yake mabovu, hatua za mtu anayekwenda kushiriki meza ya Bwana. Alipofika alipo Baba hakusimama mbele yake wala hakuwasemesha wenye bunduki. Alipiga magoti pembeni yake, bega kwa bega, akamwambia kitu kwa Kibena, lugha ya kwao.

Sijui walikaa hivyo muda gani. Mtoto alikuwa amenishika sikio na analivuta, na sikuthubutu kumtoa.

Askari mmoja mweusi, umri wa Baba, macho mekundu ya kukosa usingizi, ndiye aliyetangulia kuja. Alichungulia ndani akaona safu ya mikono midogo juu ya viti, na maboga, na mahindi ya kusukwa. Akagusa ubavu wa vani kwa kidole. Akanusa kidole, akakunja uso. Akamuuliza Baba hiki ni nini, na Baba, bado magotini, akamjibu kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba ni mama yake, ni mgeni, kwao ndivyo wanavyotengeneza nyumba. Yule askari alimtazama Bibi. Akashusha pumzi, akawapungia mkono wenzake, bunduki zikashuka. Alituambia tusafishe namba ya nyuma kabla ya kuondoka. Baba aliinuka mwenyewe. Bibi magoti yalikataa, na ni yule askari aliyeinama akamshika kwapani, akamnyanyua, akimwita kwa heshima "ma'am". Bibi akamwambia asante, baba.

Aliyeendesha kutoka pale ni Mama. Baba alijaribu, lakini ufunguo haukuingia mahali pake. Alikuja kukaa nyuma, katikati yetu, na magoti ya suti yamechafuka. Tulifika wakati familia zinapeleka mavuno mbele, kila baba wa nyumba akisema neno la shukrani. Baba alibeba boga kubwa kuliko yote, akaliweka, akageukia waumini, akafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Kanisa lote likangoja. Bibi akasimama kwenye benchi letu akasema, "Tumefika wote," akakaa.

Jioni nikiwa nafagia baraza niliwasikia. Bibi alimwomba radhi mwanawe. "Nilitaka usionekane, baba. Kumbe nimewaonyesha." Baba aliuchukua mkono ule wenye udongo akaushika. Baadaye sana, nimeshakuwa mtu mzima, nilimuuliza Baba ni nini Bibi alimwambia pale barabarani. Akasema, "Aliniambia nisitetemeke, wataona."

Siku chache baadaye walimkamata mtu waliyekuwa wakimtafuta, kumbe walikuwa wawili. Gari halikuwa vani wala halikuwa jeupe. Kengele ya mapumziko ililia, milango ya shule ikafunguliwa, tukakimbia nje, na miti ilikuwa mitupu. Majani yote yalikuwa yameanguka na kuoza bila sisi. Nyumbani Bibi alikuwa ameshajaza ndoo maji kuosha vani, lakini Baba alimnyang'anya kitambaa. "Liache, Mama." Na Jumatatu akaenda nalo Falls Church hivyo hivyo, jekundu, na mawimbi yake ubavuni, namba tu ndiyo safi. Wenzake walimcheka, tulisikia, na yeye aliwaambia, "Mama yangu alinificha." Lilibaki hivyo mpaka mvua za baridi zikalimenya kidogo kidogo. Kabla ya Krismasi Bibi alirudi Njombe, na hatukumwona tena akiwa hai.

Baba naye hatunaye sasa. Mama anaishi na dada, ametulia, anasahau sahau. Nimewahi kusikia watu wakisema wanatamani utoto kwa sababu hawakuwa na hofu. Mimi sikuwahi kuogopa kama nilivyoogopa mwaka ule, na bado nautamani, mpaka nilikaa kwenye gari langu pembeni ya nyumba za watu nisiowajua nikalia. Baba alikuwa mtu mzima, ana mke na watoto wanane, na aliposhushwa barabarani kulikuwa na mtu garini wa kushuka kwa ajili yake. Mimi nina watoto wangu, na najua nitashuka kwa ajili yao bila kuulizwa. Lakini nikisimamishwa mimi, rafiki yangu, nyuma yangu hakuna tena mkubwa wa kuvuta mlango.